Nta Ndani ya Tangi la Panzi

Jumatatu, 8 Septemba 1975

Kopo la tumbaku bado lipo chini ya kitanda. Nimelitazama kabla ya uji, kama ninavyofanya kila Jumatatu. Ndani yake kuna kipande cha nta ya nyuki, ukubwa wa kidole gumba. Nimekificha miaka tisa. Mke wangu alikufa bila kukijua. Padri hakijui, na kila Pasaka nimepiga magoti mbele yake. Bruda Matiasi, mtawa wa misheni, aliyevunjika mguu kwa sababu yake, hakijui. Shemeji yangu Konradi, aliyefukuzwa kazi na kuitwa mwizi kwa sababu yake, hakijui.

Basi, nimeandika.

Daktari anasema mapafu yamechoka. Vumbi la mgodi nilikofanya kazi. Sikumwuliza muda. Aligeuka akatazama dirisha, nikapata jibu langu.

Leo Bruda amekuja hapa Kawajense kwa miguu, akichechemea. Ndege yake mpya inavuja petroli. Ameijenga mwenyewe miaka minne katika karakana ya misheni, mbao na kitambaa, injini ya mtumba. Watu wanaiita Panzi, kama walivyoiita ile ya kwanza, iliyoanguka. Mkaguzi kutoka Dar es Salaam anafika tarehe mosi Oktoba. Akinusa petroli ndani ya ndege, hatoi kibali. Mvua zikianza, barabara ya Mwese inakatika, na watu wa milimani wanakaa mpaka Mei bila dawa. Bruda hana fundi mwingine wa bati.

"Mzee Paulo, lete mikono tu," amesema. "Miguu tutakuazima."

Nimekubali. Anadhani ni wema.

Jumanne, 9 Septemba

Skola amenipeleka karakana. Skola ni binti yangu, mjane, fundi cherehani. Kitambaa chote cha mabawa ya Panzi kashona yeye. Nilikaa kwenye keria ya baiskeli, yeye akisukuma. Jirani mmoja akapaza sauti: "Skola, hilo gunia unalipeleka mnadani?" Skola akajibu, "Nani atanunua, mama? Mifupa mitupu." Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilipofuta mdomo leso ilikuwa na damu. Nimeikunja ndani.

Tangi liko mbele ya kiti cha rubani. Bati lililolehemiwa, kazi ya Bruda. Lehemu imepakwa nene kama siagi ya Mzungu. Lehemu nene ni dalili ya woga.

Petroli ya ndege ina rangi, na ikikauka huacha alama. Nimekuta mistari miwili myembamba chini ya tangi. Lakini alama haisemi tundu lilipo. Inasema tu petroli ilipita hapa ikielekea chini. Lazima kulitoa tangi lote.

Uvujaji mdogo ni mbaya kuliko mkubwa. Mkubwa unauona. Mdogo unaunusa tu, halafu pua inazoea.

Alhamisi, 11 Septemba

Tangi limeoshwa kwa maji ya moto na sabuni mara tatu. Limekaa juani siku mbili, mdomo wazi. Bruda ana haraka. Nimemkatalia. Tangi lililowahi kubeba petroli hubaki na mvuke, na mvuke ukikutana na chuma cha moto tutazikwa wawili pamoja.

Nimeziba midomo yake kwa vipande vya tyubu, kimoja kina vali ya baiskeli. Pampu mara tatu tu. Ya nne hupasua mshono; bati si mpira. Skola akapaka povu la sabuni ya kufulia. Macho yangu hayafai tena, kwa hiyo aliniambia anachokiona.

Tundu la kwanza: kona ya nyuma, mapovu madogo mfululizo, kama mate ya mtoto mchanga. La pili: shingo ya bomba la kutolea, povu moja tu, linakua polepole na kupasuka.

Nimeyazungushia yote mawili mstari wa penseli. Nilifurahi. Ni muda mrefu sijafurahi kwa jambo nililolifanya kwa mikono.

Ijumaa, 12 Septemba

Kitandani. Damu zaidi. Sitaki kufa kabla ya tarehe mosi. Nimemwambia Mungu hivyo bila adabu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimelehemu. Tulijaza maji ndani mpaka chini kidogo ya mshono, mvuke usipate pa kukaa. Kwanza nilikwangua lehemu yote ya Bruda mpaka bati likang'aa. Alisimama pembeni akiugulia kama anayekatwa nywele kwa kisu butu. Kisha chuma cha moto, lehemu kidogo, polepole, iingie ndani ya mshono yenyewe. Ukiisukuma hailiwi na bati. Inakaa juu tu, na siku moja inabanduka.

Mkono wa kulia uliposhindwa, Skola aliushika kiwiko. Tulilehemu hivyo, watu wawili, mkono mmoja.

Pampu mara tatu. Povu. Hakuna kitu. Bruda alipiga makofi.

Jumatano, 17 Septemba

Linavuja tena.

Tulilirudisha jana, tukalifunga kwa mikanda yake ya chuma, tukalijaza. Leo asubuhi sakafu ya Panzi ina doa, upana wa sahani. Bruda alikaa juu ya boksi. Zimebaki wiki mbili.

Halafu Skola akasema, kwa nia njema kabisa: "Baba, si tuyeyushe nta tu? Tuimimine ndani, tulizungushe. Kama pipa la asali."

Nilimpigia kelele. Sijui nilisema nini. Nilitupa koleo likagonga mabati ya ukuta. Bruda akanitazama kama asiyenijua. Skola amenirudisha nyumbani, akaniwekea ugali, akaondoka.

Mwanangu kasema kile ambacho kila Mkonongo angesema. Sisi ni watu wa asali. Chombo kikivuja, tunakizungushia nta.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo naandika jambo lenyewe.

Oktoba 1966. Panzi ya kwanza. Tangi lile nililitengeneza mimi. Halikudondosha tone, lilitoka jasho tu kwenye mshono. Nilikuwa nimelehemu mara tatu na jasho likarudi mara tatu. Wageni walikwisha alikwa kuja kuona ndege ikiruka. Nami nilikwisha jisifu, mji mzima, kwamba mtoto wa mrina asali katengeneza tangi la ndege.

Nikayeyusha nta. Nikaimimina ndani, nikalizungusha tangi juani mpaka nta ikalamba kila kona. Jasho likakoma. Nilijaribu kwanza, sikufanya kama kipofu. Nilitia kipande ndani ya chupa ya petroli, nikaizamisha chupa katika mtungi wa maji mpaka asubuhi. Kilitoka kizima. Lakini mtungi ni mahali pa baridi. Ndege hukaa juani.

Iliruka vizuri. Juu ya Kasokola injini ikakata. Bruda akaishusha kwenye shamba la mihogo, mguu ukavunjika mara mbili. Nilifika na baiskeli wakati watu wanamtoa chini ya bawa. Wote walimtazama yeye. Mimi nikafungua bakuli la chujio, pale petroli inapopita kabla ya kufika kwenye injini. Limejaa nta, laini, ya njano, kama uji wa mtoto. Nikaifinyanga, nikaitia mfukoni. Bakuli nikalisafisha kwa shati.

Siku ya tatu kamati ya misheni ilikwenda stoo. Mtunza petroli alikuwa Konradi, kaka yake Agata mke wangu. Wakainamisha pipa, chini kabisa yakatoka maji, nusu kikombe. Pipa lolote lina maji kidogo chini; hewa ya ndani hutoa umande. Nilijua hivyo. Wakaniuliza mimi, fundi wao: je, maji yanaweza kuzima injini?

Nikasema: Yanaweza.

Hata haukuwa uongo.

Wakasema kauza petroli, kajazia maji. Akafukuzwa wiki ileile. Watoto wakamwita Maji. Konradi Maji. Akahamia Kasokola, analima mahindi. Agata hakusema naye tena, kwa aibu. Tulipomzika Agata mwaka 1971, Konradi alisimama nje ya ua wa makaburi tangu mwanzo hadi mwisho. Niliona kofia yake juu ya miti ya ua. Sikumwita.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimelala siku nzima jana nikifikiri juu ya tangi. Kufikiri hakuhitaji pumzi.

Likiwa mezani halivuji. Likiwa ndani ya ndege, limejaa, limefungwa mikanda, linavuja. Basi tundu linafunguka pale tu linapobanwa. Leo nimemwambia Bruda asilitoe. Tulijaribu palepale lilipo.

Nilisaga chaki, nikapaka unga wake mkavu kwenye mishono yote ninayoweza kufikia. Chaki ikiguswa na petroli hubadilika rangi. Tukangoja. Sehemu zote nyeupe. Lakini chini ya mkanda wa kushoto mkono wangu haukupita, wala jicho la Skola.

Nikatumia mdomo. Petroli inapokauka hupoza. Niliinamisha kichwa ndani ya ndege, Bruda kanishika kiuno nisianguke, nikapitisha mdomo wa chini karibu na bati, polepole, kama mtu anayebusu msalaba wa Ijumaa Kuu. Joto. Joto. Joto. Kisha ubaridi, ncha ya sindano.

"Hapa," nikasema. "Fungua mkanda huu."

Ni ufa mwembamba kuliko unywele, katikati ya mshono. Bruda kakaza mkanda kwa nguvu zake zote, chuma juu ya bati, bila kitu laini kati yao. Mkanda umekuwa ukiutafuna mshono. Kila mara tungeliziba, nao ungelitafuna tena.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Kwa furaha, nadhani. Na njaa.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda misa. Skola alipotoka kanisani nilimkalisha, nikamwonyesha kopo, nikamwambia yote niliyoandika tarehe 18.

Hakulia. Aliuliza mara mbili, "Kwa hiyo Mjomba hakuiba?" Nikasema mara mbili, hakuiba.

Akasema, "Siku ya msiba wa Mama alituletea unga. Debe zima, kalibeba kwa baiskeli toka Kasokola. Nikamrudishia mlangoni. Nikamwambia hatuli unga wa mwizi." Akanyoosha kidole. "Ulikuwa umekaa palepale, Baba. Kwenye kiti hichohicho."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekaa hapa.

Aliniwekea chakula juu ya kigoda, akarudi kwake. Sikula.

Jumanne, 23 Septemba

Kazi. Tumelitoa tangi tena, tumeliosha tena, siku mbili juani kama mwanzo. Leo nimelehemu ule ufa na kuweka kiraka cha bati juu yake, kipana kuliko mkanda. Nimeikata kofia yangu ya pama, ile nzuri ya kanisani, vipande vinne, viwe mto kati ya mikanda na tangi. Bruda alipinga. Nikamwambia kichwa changu hakina safari ndefu.

Skola alinishika kiwiko kama kawaida. Hatusemi naye ila kuhusu lehemu.

Nilipomaliza nikamwambia Bruda. Nilimwambia nikiwa nimeshika chuma bado, ili mikono iwe na la kufanya. Akautazama mguu wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Nta ya nyuki wakubwa au wadogo?" akauliza.

"Wakubwa."

"Hm." Akatoka nje. Nilimwona kwa mlango akizunguka Panzi mara tatu, akichechemea. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Barua ya kumfukuza Konradi niliandika mimi," akasema. "Nikiwa kitandani hospitali. Sikumpa hata nafasi ya kusema."

Alichukua kipande cha kofia, akakipima juu ya mkanda, tukaendelea.

Alhamisi, 25 Septemba

Skola aliamka mapema akaenda Kasokola kwa baiskeli. Sikumtuma. Saa nane mchana akarudi na Konradi.

Kazeeka. Lakini anasimama wima kuliko mimi. Aligoma kuingia, akabaki kizingitini.

"Shemeji."

"Shemeji. Karibu."

"Umekonda, shemeji. Ukiachwa nje upepo ukija, utaruka kabla ya Panzi."

Nilishukuru kwa utani ule. Kisha nikamwambia. Nilisimama mara nyingi kutafuta pumzi. Hakunisaidia, hakunikatiza. Nilipofika mwisho nikampa kopo. Alifungua, akanusa nta, akaifikicha kwa vidole. Ndipo akaja akakaa.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Akasema, "Miaka tisa, shemeji. Miaka tisa nikipalilia najiuliza: pipa lipi? Mfuniko upi niliuacha wazi? Mvua ya siku gani? Najua sikuuza hata kikombe. Ila maji yalitoka, niliyaona. Nikaamini ni uzembe wangu. Niliamini mguu wa Bruda niliuvunja mimi."

Hilo sikulitegemea. Nilijua nimemwibia jina. Sikujua kwamba nilimwibia hata ushahidi wake mwenyewe juu yake mwenyewe.

Kisha akaniuliza, taratibu, bila hasira: "Ulijua itayeyuka?"

Nikasema, "Sikujua."

Akatikisa kichwa. "Basi lilikuwa kosa. Mtu hukosea." Akanywa maji aliyoletewa na Skola. Skola alipiga magoti kumpa. Konradi akamshika kichwani. Nilitazama ukuta.

Jumapili, 28 Septemba

Baada ya misa Bruda alisimama mbele ya watu, akasema Konradi hakuiba, hakuzembea, na kwamba yeye Bruda alimdhulumu. Kisha mimi. Skola alinishika upande mmoja, Bruda upande wa pili. Nilisema nilikosea kwa nta, na nilificha.

Halafu mama mmoja nyuma akapiga vigelegele. Watu wakaja kunishika mkono. Wamesema mzee jasiri. Wamesema mzee wa ukweli. Konradi wamemwita kwa jina lake, Konradi Kapufi, wazee kwa vijana. Mlevi mmoja tu alisahau, akamwita Maji, na wanawake wakamfokea mpaka akakimbia.

Mzee wa ukweli. Nimerudi nyumbani nikafunga mlango mchana kweupe.

Jumatano, 1 Oktoba

Mkaguzi kafika kwa treni. Mtu mpole, miwani, viatu vyeusi vilivyojaa vumbi jekundu.

Konradi alikuwa na ombi moja: ajaze petroli yeye. Mbele ya watu. Bruda akampa ufunguo wa stoo. Watu walikuja mpaka kutoka sokoni. Konradi alilaza kipande cha ngozi laini juu ya faneli, akamimina kidogokidogo, petroli ikapita, maji yangebaki juu. Kila debe alilomaliza aliinua ngozi watu waione. Kavu. Debe la pili, kavu. La tatu. Hakutabasamu. Alifanya kazi yake kama mtu aliyekuwa likizo.

Panzi ilikaa juani, imejaa, toka saa tatu mpaka saa kumi. Mkaguzi akafuta kila mshono kwa leso nyeupe, akainusa. Akaingiza kichwa chini ya mkanda wa kushoto. Akauliza hivi vitambaa vya kahawia ni nini. Bruda akasema, "Kofia ya Mzee Paulo." Akadhani ni mzaha, akacheka, akaandika.

Leso haikuwa na kitu. Akafungua bakuli la chujio, akalimimina katika glasi, akaiinua juani. Safi kama maji ya baraka ya Epifania.

Nilipoiona glasi ile juani niliomba nirudishwe nyumbani. Walidhani ni ugonjwa.

Kibali kimetolewa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Panzi imekwenda Mwese asubuhi. Bruda peke yake, na maboksi mawili ya dawa. Nilibebwa kwenye kiti hadi uwanjani. Konradi alisimama karibu nami. Ilipopita juu ya Kasokola sote wawili tulikaza masikio. Sauti haikubadilika. Ikawa ndogo, ikaisha.

Konradi akasema, "Imepita shamba la mihogo, shemeji." Akanishika bega.

Imerudi saa saba. Nilimwomba Skola apitishe mkono chini ya tangi. Mkavu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Siku tulivu. Skola kafua, kanianikia shuka juu ya ua. Kuna mtu anatwanga upande wa pili wa njia. Nimekunywa uji nusu bakuli.

Nimemtuma Skola amwite Konradi. Nimemwambia aje leo, si kesho. Naandika kwanza hapa nitakayomwambia, ili pumzi ikikatika yeye alichukue daftari asome.

Aliniuliza kama nilijua. Nilimjibu, na yale niliyosema kanisani yalisimama juu ya jibu hilo. Watu wamenisamehe kosa. Lakini halikuwa kosa la kutojua.

Asubuhi ile ya Oktoba 1966, kabla wageni hawajaketi, nilifanya kama fundi yeyote afanyavyo. Nilifungua bakuli la chujio, nikamimina petroli kidogo katika glasi, nikaiinua juani. Ilikuwa na ukungu. Vipande vidogo vya njano vilikuwa vinashuka polepole, kama magamba ya samaki. Bruda alikuwa anavaa kofia yake. Aliniita toka upande wa pili wa bawa: Mzee Paulo, vipi, iko tayari?

Nasikia mnyororo wa baiskeli ya Konradi njiani.

Niliimwaga ile glasi majanini. Nikaifuta kwa shati. Nikasema: iko tayari.